Kukabidhi safari za wanaanga kwa kampuni binafsi bila serikali kujifunga mikono

Tarehe 7 Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, iliondoka Wallops, Virginia, Marekani, ndani ya Cygnus. Cygnus ni chombo cha mizigo cha kampuni binafsi, na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, humo ni mteja anayelipa nauli. Safari hiyo bawa moja la sola liligoma kufunguka, kikafika hivyo hivyo na bawa moja. Tarehe 2 Desemba setilaiti ikaachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, na kituo chetu cha ardhini kipo Mpoma, Mukono.

Mikataba iliyozaa Cygnus ndiyo iliyofungua njia ya kampuni kubeba wanaanga. Uganda haina wanaanga wa kumkabidhi mtu. Lakini anayeandaa mkataba wa umeme, reli au setilaiti Kampala atakutana na maswali yale yale, na katika vyombo vya kubeba watu makosa yanaonekana upesi na wazi kuliko kwingine. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao kazi yenyewe inatakiwa kuufuata.

Gawanya mpango vipande kabla ya kutangaza zabuni

Usiandike “tunakabidhi mpango”. Andika orodha: usanifu wa chombo, utengenezaji, urushaji, uongozaji wa safari kutoka ardhini, mafunzo ya wanaanga, majengo na majukwaa, kumbukumbu za kiufundi, na mamlaka ya kuruhusu binadamu apande. Mbele ya kila kimoja weka jina la atakayekimiliki, atakayekiendesha na atakayelipa kikiharibika. Pakibaki kisanduku kitupu, hapo ndipo ugomvi utakapotokea.

Kipande cha mwisho hakikabidhiwi. Kampuni inauza usafiri. Neno la “leo hawapandi” linabaki kwa aliyewatuma. Na neno hilo halina nguvu kama serikali haina wahandisi wanaojua kwa nini wanalisema.

Marekani ilijaribu kwanza kugawa kinyume. Mwaka 1996 kazi za kila siku za Space Shuttle, vyombo vya NASA vya kubeba wanaanga, zilipewa United Space Alliance, kampuni iliyoundwa kwa ubia wa Rockwell na Lockheed Martin. Serikali ikabaki na vyombo, usanifu na gharama zote. Mikono na macho ndivyo vilivyoondoka. Columbia, kimojawapo cha vyombo hivyo, ilipovunjika tarehe 1 Februari 2003 na watu 7 wakafa, bodi ya uchunguzi iliandika kwamba miaka ya kupunguza wafanyakazi na kutoa kazi nje iliondoa ndani ya NASA tabaka zima la watu waliokuwa wakizijua mashine kwa mikono yao. Ukabidhi wa namna hiyo ndio mbaya kuliko wote: gharama umebaki nazo, ujuzi umeutoa.

Anza na mizigo

Nguo, chakula na maji vikipotea baharini hakuna msiba. Mwaka 2006 NASA ilichagua kampuni mbili, SpaceX na Rocketplane Kistler, zijenge vyombo vya mizigo kwa makubaliano mepesi: serikali inachangia, kampuni nayo inaweka fedha zake, na hulipwi mpaka hatua iliyoandikwa imetimia. Zaidi ya nusu ya gharama ilitoka mifukoni mwa kampuni zenyewe.

Rocketplane Kistler haikuweza kukusanya mtaji kwa tarehe iliyokubaliwa. Mwaka 2007 ikaondolewa ikiwa imelipwa dola milioni 32.1 kati ya zipatazo milioni 207. Zilizobaki zikatangazwa upya, na Februari 2008 kampuni ya Orbital ikapata dola milioni 170 na kujenga Cygnus. Kumbe setilaiti yetu ilipanda chombo kilichozaliwa kwa sababu kampuni nyingine ilifukuzwa mapema, wakati hasara bado ndogo.

Cha kuiga hapo ni kuufanya uwezo wa kifedha uwe hatua ya malipo kama hatua nyingine. Usiridhike na barua ya benki inayosema mteja “anafahamika”. Taka uthibitisho wa fedha zilizokwisha ingia, na jina la mmiliki wa mwisho. Waganda wanaukumbuka mkasa wa Uganda Commercial Bank mwishoni mwa miaka ya 1990: mnunuzi aliyejitokeza alikuwa kampuni ya Malaysia, na nyuma yake ikagundulika benki nyingine ya papa hapa Kampala.

Bei isiyobadilika, na mahali inapokwama

Kuna njia mbili za kulipa. Ya kwanza ni kulipa gharama zote za mkandarasi na kumwongezea faida, sawa na kumnunulia mtu taksi, kumjazia mafuta, kumlipa mshahara, kisha kumshukuru anapochelewa kwa sababu siku za kazi zimeongezeka. Ya pili ni nauli: Kampala hadi Mbarara bei hii, tairi likipasuka njiani ni shauri lako.

Septemba 2014 NASA ilitumia njia ya pili kwa wanaanga: dola bilioni 4.2 kwa Boeing na chombo chake Starliner, bilioni 2.6 kwa SpaceX na Crew Dragon. Kila moja ilipewa kazi ile ile: kukamilisha chombo, kupata cheti, kufanya safari ya majaribio yenye watu, kisha safari za kawaida zisizopungua 2 na zisizozidi 6. Kufikia 2024 Boeing ilikuwa imetangaza hasara inayozidi dola bilioni 1.5 kwa kazi hiyo. Chini ya mkataba wa zamani sehemu kubwa ya mzigo huo ingemwangukia mlipa kodi.

Lakini bei isiyobadilika ina magonjwa yake. La kwanza ni kwamba mkandarasi akianza kupata hasara, kitu cha kwanza kukatwa ni majaribio, kwa sababu jaribio lisilofanyika halionekani kwenye picha. La pili linatoka kwa mteja: kila ukibadilisha masharti, unaletewa ankara mpya. Basi masharti yafungwe kabla ya kusaini, na fungu la mabadiliko litengwe wazi. La tatu ni mtoa huduma kujua kwamba huna pa kwenda. NASA ilikubali kumwongezea Boeing dola milioni 287.2 ili kuziba pengo la safari lililohofiwa, na mkaguzi wake wa ndani mwaka 2019 akahoji sehemu kubwa ya fedha hizo.

Tena, njia hii haifai kwa teknolojia ambayo hakuna aliyeijua bado. Kapsuli ya kwenda mzingo wa chini wa dunia ilikuwa imejengwa tangu miaka ya 1960, ndiyo maana bei iliweza kukadiriwa.

Malipo: mfano wa kuanzia

Mgawanyo ufuatao ni wa kuanzia mazungumzo. Kinachohitaji kushikwa ni uwiano: sehemu kubwa ilipwe kwa vitu vilivyoruka au vilivyojaribiwa, kidogo kwa makaratasi.

- Ushahidi wa mtaji na wa umiliki: asilimia 5
- Mapitio ya mwisho ya usanifu: 15
- Jaribio la kunusuru wanaanga roketi ikiwa bado jukwaani: 10
- Mfululizo wa majaribio ya parashuti: 10
- Zoezi la programu ya kompyuta kuanzia kuruka hadi kutua, bila kukatizwa: 10
- Safari isiyo na watu: 20
- Safari ya majaribio yenye watu: 20
- Cheti: 10

Kila hatua iwe na sentensi moja inayosema ni nini kitaonekana ili ilipwe. “Kukamilisha tathmini ya parashuti” haitoshi, mtu atakuletea kabrasha. Andika idadi ya madondosho, uzito uliobebwa, na yale ambapo parashuti moja imezuiwa makusudi isifunguke. Waandaaji wengi huona aibu kuandika kwa ukali huu. Wanasheria wa upande wa pili hawana aibu hiyo.

Serikali nayo ina zamu yake. Kwa mwaka wa fedha 2012 NASA iliomba dola milioni 850 kwa ajili ya vyombo hivi, Bunge likatoa 406. Mwaka wa kwanza wa kubeba watu, uliokuwa umepangwa katikati ya muongo, ukasogea mpaka 2020. Kama hazina haiwezi kuahidi, punguza idadi ya hatua kwa mwaka, usipunguze majaribio.

Watoa huduma wawili, tofauti mpaka chini

Kuwa na wawili ni ghali mwanzoni. Mwaka 2014 mmoja, Boeing, alikuwa kampuni kongwe, mwingine, SpaceX, kijana, na wengi walimtazama mkongwe kama ndiye wa uhakika. Kijana alipeleka watu tarehe 30 Mei 2020. Mkongwe aliwapeleka wa kwanza Juni 2024, na chombo chake kikarudi Septemba kikiwa tupu kwa sababu injini ndogo za kuelekezea zilikuwa zimezimika njiani na heliamu ilikuwa inavuja. Wanaanga wake wawili walirudi Machi 2025 kwa chombo cha yule mwingine. Bila mtoa huduma wa pili, pangekuwa na mjadala mgumu zaidi kuhusu kuwapandisha chombo kile kile.

Hapo ndipo hitilafu ndogo ikaonekana: nguo za kuvaa ndani ya Starliner haziingiliani na mifumo ya Dragon. Kila kampuni ilikuwa imebuni ya kwake. Kwa hiyo orodhesha tangu mwanzo vitu ambavyo lazima vilingane: kiunganishi cha kituo, viunganishi vya hewa na mawasiliano vya nguo, viti vya dharura. Na vifaa vya serikali vya kuunganisha vyombo usivipakie vyote kwenye gari moja. Adapta ya kwanza ya kiunganishi kipya ilipotea Juni 2015 roketi ya mizigo ilipovunjika angani.

Kisha angalia chini ya chombo. Cygnus ilikuwa ikipanda roketi ya Antares, yenye injini za Urusi na sehemu ya kwanza iliyotengenezwa Ukraine. Vita vya 2022 vikakata njia hiyo, na kuanzia Januari 2024 Cygnus ikalazimika kurushwa na Falcon 9 ya SpaceX, mshindani wake. Kwenye karatasi watoa huduma wa mizigo walibaki wawili. Jukwaani roketi ikawa moja. Kifungu cha mkataba kitaje roketi, injini na nchi zinakotoka, na kimtake mtoa huduma atoe taarifa mapema kama lolote kati ya hayo linabadilika.

Masharti: andika matokeo, acha njia

Mteja anayeandika unene wa kila bomba anarudi kulipia kila bomba. NASA iliandika matokeo: wanaanga 4, chombo kiweze kukaa kimeungana na kituo siku 210, uwezo wa kuwanusuru tangu jukwaani hadi mzingoni, na uwezekano wa kupoteza wanaanga usizidi 1 kati ya 270. Kwa kulinganisha, Space Shuttle iliruka mara 135 na kupoteza vyombo 2 pamoja na wote waliokuwemo.

Namba ya 1 kati ya 270 inahitaji kusomwa kwa tahadhari. Ni hesabu, si kipimo. Sehemu kubwa ya hatari inatokana na vimondo vidogo na takataka za angani zinazokigonga chombo miezi yote kikiwa kimeegeshwa, na makadirio ya vitu hivyo yenyewe yanabadilika. Itumie kumlazimisha mbunifu aonyeshe hatari yake kubwa iko wapi, kisha mwulize amefanya nini juu yake. Anayejibu kwa namba tu hajajibu.

Mahali ambapo matokeo peke yake hayatoshi ni desturi mpya isiyo na historia. SpaceX ilitaka kujaza mafuta watu wakiwa tayari wamekaa ndani, jambo ambalo NASA haikuwa imelizoea. Tarehe 1 Septemba 2016 roketi ya kampuni hiyo ililipuka jukwaani wakati wa kujazwa, bila mtu ndani, na chanzo kikapatikana kwenye mitungi ya heliamu iliyozamishwa katika oksijeni ya kimiminika. Suluhisho halikuwa kukataa kabisa. Mitungi ilibuniwa upya, na roketi ikatakiwa kuruka mara 7 ikiwa na muundo uliogandishwa, bila kubadilishwa, kabla ya kubeba watu. Sharti hilo la kugandisha linafaa kuigwa kokote: kampuni zenye kasi hubadilisha kitu kila safari, na safari sita za mashine sita tofauti hazithibitishi lolote.

Watu wa kubaki serikalini

Hapa ndipo ukabidhi mwingi hufa polepole. Mkataba ukishasainiwa, hazina huuliza kwa nini bado kuna wahandisi wa serikali ilhali kazi imetolewa. Jibu liandikwe kwenye mpango mapema: wako pale kuuliza, kuona na kukataa.

Wagawe kwa mifumo, si kwa kampuni: mtu wa parashuti awatazame watoa huduma wote wawili, vivyo hivyo wa programu, wa injini, wa hewa ya kupumulia. Wawe na haki iliyoandikwa ya kuingia kiwandani, kusoma data ghafi za majaribio na kuhudhuria mikutano ya hitilafu. Wasiwe na haki ya kuamuru mabadiliko papo hapo. Amri hupitia ofisa mmoja wa mkataba, vinginevyo ankara zitakuja bila mwenyewe.

Uzito wa macho ufuate hatari, usifuate sifa. Desemba 2019 Starliner isiyo na watu ilichukua saa isiyo sahihi kutoka kwenye roketi, ikakosea kwa saa 11, ikachoma mafuta na kushindwa kufika kituoni. Ikiwa bado angani, kosa la pili likagunduliwa na kurekebishwa: programu ingeweza kuifanya sehemu ya injini, baada ya kutengana, irudi kuigonga kapsuli. Zoezi la safari nzima kwa mfululizo halikuwa limefanyika. Majaribio yalikatwa vipande vipande, na kila kipande kikafaulu. Uchunguzi ulitoa mapendekezo 80, na NASA ikakiri kwamba ilikuwa imemchunguza zaidi yule mgeni, kwa kumwamini mwenzake wa siku nyingi. Hilo halihitaji kwenda Florida kulikuta.

Mgeni naye alikuwa na lake. Aprili 2019 kapsuli ya Dragon iliyokuwa imerudi salama mwezi uliotangulia ililipuka ikiwa ardhini, chini ya sekunde moja kabla ya kuwashwa injini za kunusuru. Kioksidishaji kilikuwa kimevuja na kupita valvu, shinikizo kubwa la heliamu likakirudisha kwa kasi, na valvu ya titani ikashika moto. Valvu hizo zikaondolewa na kuwekwa visahani vinavyopasuka mara moja tu, visivyovuja kabla ya hapo. Ratiba ilirudi nyuma miezi, hakuna aliyeumia. Ndiyo kazi ya jaribio la ardhini.

Leseni, bima na nani analipa kikianguka

Kwa Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, nchi inawajibika kwa shughuli za kampuni zake angani na lazima iziidhinishe na kuzisimamia mfululizo. Mkataba wa 1972 unaifanya nchi inayorusha ilipe madhara yaliyotokea ardhini bila kuuliza nani alikosea. Kampuni ikishindwa kulipa, nchi bado ina deni, kwa hiyo bima ni lazima.

Nchini Marekani, mwenye leseni ya kurusha hununua bima ya madhara kwa watu wasiohusika na urushaji, kwa kiwango cha hasara kubwa inayotarajiwa, kisichozidi dola milioni 500, na ya mali za serikali isiyozidi milioni 100. Wahusika wengine husaini kutodaiana. Usichanganye leseni hii na cheti cha kubeba wanaanga: leseni huwalinda walio chini, cheti kinawahusu walio juu. Andika ofisi mbili tofauti.

Pengo kati ya la zamani na jipya

Space Shuttle ilitua mara ya mwisho Julai 2011. Mtu wa kwanza kufika tena mzingoni kutoka ardhi ya Marekani alikuwa wa Mei 2020. Miaka karibu tisa viti vilinunuliwa Urusi, na bei ikapanda hadi takriban dola milioni 90 kwa kiti mwaka 2020. Muuzaji pekee hana sababu ya kupunguza. Ukikadiria miaka minne ya pengo, nunua viti vya sita kabla ya kufunga mlango wa zamani, wakati bado unaweza kutishia kutofunga.

Majengo ni jambo jepesi: kodisha, usiuze. Jukwaa 39A la kituo cha Kennedy, Florida, lilikodishwa SpaceX mwaka 2014 kwa miaka 20. Andika matengenezo ni ya nani na jukwaa litarudi katika hali gani.

Kuachana

Kifungu cha mwisho kiandikwe kwanza, pande zote zikiwa bado zinacheka. Katika mikataba ya vyombo hivi kampuni ndiyo inayomiliki usanifu, kwa hiyo serikali ijihakikishie mambo mawili: nakala ya data zote za usalama, inayohifadhiwa kwa mtu wa tatu na kusasishwa kila baada ya safari, na haki ya kuzitumia katika uchunguzi wa ajali hata kampuni ikifilisika.

Fedha za kuondokea ni jambo ambalo Uganda imelisomea kwa ada kubwa. Umeme Limited ilipokea usambazaji wa umeme mwaka 2005 kwa miaka 20, na tarehe 31 Machi 2025 muda ukaisha. Serikali ililipa dola milioni 118 kwa uwekezaji ambao haujarudi. Kampuni ilidai milioni 292. Tofauti ya namna hiyo haizaliwi siku moja. Inajikusanya kila mwaka kitu kinapojengwa na pande mbili kukiandika kwa namba mbili tofauti. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari hilo liwe moja: kila mwisho wa mwaka wa fedha mkaguzi aliyeteuliwa na wote wawili aorodheshe kilichojengwa, kilichorudishwa na kilichobaki, wote wasaini, na malipo ya mwaka wa pili yasitoke mpaka karatasi ya mwaka wa kwanza iwe na saini zote tatu.